Gari Linapoteza Maji? Tafuta Mpira Unaovuja Kabla Hujatuma Pesa ya Injini

Somo la leo ni la gari, lakini msidhani tumeacha mada ya akiba. Wengi wetu tukishamaliza kiwanja, kitu kinachofuata ni gari la biashara nyumbani. Gari likitembea linaleta pesa. Likisimama, linamla mwenyewe aliye mbali, asiyeona kitu zaidi ya meseji.

Tuanze na kisa cha dada mmoja anayefanya kazi za ndani Muscat. Alinunua Toyota IST ya mwaka 2004, mdogo wake wa kiume akawa anaipiga teksi Tanga. Usiku mmoja amemaliza vyombo, amekaa kitandani, anafungua simu anakuta sauti: "Shikamoo dada. Gari limechemsha tena. Fundi anasema gasketi ya silinda hedi imeungua, lazima injini ifunguliwe. Milioni moja na laki nne. Anasema tukichelewa injini inakufa kabisa."

Hiyo ni zaidi ya mishahara yake miwili. Pesa alikuwa nayo, lakini ilikuwa ya mabati ya nyumba ya mama yake, na mvua zilikuwa zinakaribia. Akampigia kaka mmoja wa kwao, yuko kwenye kambi ya ujenzi huko huko Muscat, zamani alikuwa fundi magari. Yule kaka hakuuliza bei. Aliuliza swali moja tu: "Maji yanapotelea wapi?" Dada akamuuliza mdogo wake. Mdogo wake hajui. Fundi naye hakuwa ameangalia.

Hapo ndipo somo letu linapoanzia. Gari likichemsha kwa sababu ya kukosa maji, jambo la kwanza ni kujua maji yametokea wapi. Kufungua injini ni jambo la mwisho kabisa.

MAJI YANAFANYA KAZI GANI

Injini ikiwaka inatoa joto kali. Pampu ya maji inayazungusha maji ndani ya injini, yanabeba joto, yanapita kwenye rejeta mbele ya gari, upepo na feni vinayapooza, kisha yanarudi. Maji haya si maji matupu. Yamechanganywa na kulanti, ile dawa ya rangi nyekundu, kijani au ya waridi. Kulanti inazuia kutu na inafanya maji yasichemke haraka.

Kati ya rejeta na injini kuna mipira. Mkubwa wa juu unatoa maji ya moto kwenye injini kwenda rejeta. Mkubwa wa chini unayarudisha yakiwa yamepoa. Kuna miwili midogo inayokwenda kwenye hita iliyo nyuma ya dashibodi, na mwembamba kabisa unaokwenda kwenye tangi dogo la akiba. Kila mpira umebanwa na klipu kila ncha.

Mfuniko wa rejeta unashikilia presha, na presha hiyo inapandisha kiwango cha kuchemka. Maji yenye kulanti nusu kwa nusu, yakiwa chini ya presha, yanaweza kufika nyuzi 120 bila kuchemka. Kwa hiyo mpira wenye ufa mdogo unaweza kuwa mkavu gari likiwa limepoa, ukaanza kutema maji injini ikipata moto. Ndiyo maana dereva anakwambia, "Nimeangalia, hamna panapovuja," na wala hadanganyi. Ameangalia asubuhi.

Mpira ni mpira. Joto la miaka linaukausha unapasuka. Oili ikiudondokea unavimba na kuwa laini. Mara nyingi unaharibikia ndani, karibu na ncha, huku nje bado unaonekana mzuri. Gari la miaka ishirini ambalo mipira yake haijawahi kubadilishwa, usishangae ukivuja. Shangaa umefikaje leo.

USALAMA KWANZA

Msomee anayeendesha gari lako haya kabla ya mengine yote:

1. Usifungue mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya moto. Presha ikitoka ghafla, maji yanaruka na mvuke, yanaunguza uso, macho na kifua. Subiri mpaka uweze kushika mpira wa juu kwa mkono bila kuungua, na ukiubonyeza uwe mlegevu. Ikibidi subiri saa nzima. Kisha weka kitambaa kinene, fungua robo mzunguko, sikiliza kama kuna hewa inayotoka, ndipo umalizie.

2. Usimwagie maji baridi injini iliyochemka. Chuma cha moto kikipata baridi ghafla kinapinda au kupasuka. Hapo sasa ile milioni itahitajika kweli.

3. Feni ya umeme inaweza kuwaka yenyewe hata gari likiwa limezimwa. Kabla ya kuingiza mkono karibu nayo, toa waya wa negativu kwenye betri.

4. Kulanti ni sumu, na ladha yake ni tamu. Mtoto, paka au mbuzi akiinywa anaweza kufa. Ikinge kwenye beseni, usiimwage uani, na usiiweke kwenye chupa ya soda.

KUTAFUTA PANAPOVUJA

Kazi hii haihitaji mashine. Inahitaji tochi, kipande cha boksi na subira.

Hatua ya kwanza, gari likiwa baridi. Fungua boneti. Angalia kiwango cha maji kwenye rejeta na kwenye tangi la akiba. Kisha mulika kila mpira, hasa kwenye ncha chini ya klipu. Unatafuta alama: ukoko mweupe, wa kijani au wa waridi kama chumvi iliyokauka. Kulanti ikivuja maji yanakauka, ukoko unabaki. Huo ukoko ndio shahidi wako.

Hatua ya pili, minya. Bonyeza kila mpira kwa vidole, katikati kwanza, halafu karibu na ncha zote mbili. Mpira mzima unanesa na kurudi. Ukiwa mgumu kama plastiki na unatoa sauti ya kukatika, umekauka. Ukiwa laini kama embe bivu, au ncha ni laini kuliko katikati, umeoza. Ukunje kidogo uone kama kuna nyufa zinazofunguka.

Hatua ya tatu, boksi. Jaza maji, endesha gari mpaka lipate moto, liegeshe mahali pa tambarare, tandika boksi chini ya injini. Baada ya muda angalia doa liko upande gani. Lakini jihadhari: tone linaweza kuanzia juu, likatambaa kwenye mpira au chuma, likadondokea mbali. Fuata unyevu kutoka chini kwenda juu. Panapolowa juu kabisa ndipo chanzo.

Hatua ya nne, injini ikiwa inawaka na ina moto. Mfuniko uwe umefungwa. Simama pembeni, weka mikono, nguo na mtandio mbali na feni na mikanda, mulika na tochi. Tafuta mvuke, mnyunyizo mwembamba au sauti ya "sss". Hapa ndipo ufa uliojificha asubuhi unajitangaza.

Ukikosa kote huko, omba gereji ipime presha. Wanafunga pampu ndogo ya mkono mahali pa mfuniko, wanajaza presha injini ikiwa baridi, na maji yanatoka palipo na tundu. Ni kipimo cha dakika chache.

SI KILA MAJI NI MPIRA

Ukiona maji masafi yasiyo na rangi wala harufu chini ya gari lililokuwa na AC, hasa huku Ghuba penye unyevu, hayo ni ya AC. Ni kawaida.

Zulia la mbele likilowa maji yenye harufu tamu na vioo vikaingia ukungu, hita ya ndani ndiyo inayovuja.

Maji yakitoka nyuma ya puli, upande wa mkanda, shuku pampu ya maji. Yakitoka kwenye masikio ya plastiki ya rejeta, plastiki imepasuka. Mpira mpya hautasaidia hapo.

Na gasketi ya silinda hedi je? Nayo ina dalili zake. Moshi mweupe mzito wenye harufu tamu unaoendelea kutoka hata injini ikishapata moto. Oili iliyogeuka rangi kama chai ya maziwa. Mapovu yasiyokwisha kwenye rejeta. Mipira kuwa migumu kwa presha dakika chache tu baada ya kuwasha gari baridi. Ukiona hizi, fundi wako ana hoja, msikilize. Ikiwa hakuna hata moja, mwambie kwa heshima: "Fundi, tuanze na kutafuta panapovuja."

Turudi Tanga. Yule kaka wa kambini alimpigia mdogo wake dada simu ya video. Walichomoa kijiti cha oili: oili safi. Moshi: hakuna. Wakawasha gari, wakasubiri. Baada ya kama dakika ishirini, chini ya klipu ya mpira wa juu, upande wa injini, ukatokea mnyunyizo mwembamba kama uzi, ukawa unaangukia kwenye chuma cha moto na kukauka hapo hapo. Ndiyo maana chini hapakuwa na tone. Maji yalikuwa yanaondoka kama mvuke, kila siku, kidogo kidogo.

KUBADILISHA MPIRA

Vifaa: bisibisi au spana ndogo ya klipu, koleo, kisu kikali, beseni, kitambaa, mpira mpya, klipu mpya mbili, na kulanti. Mtu mwenye mkono mzuri anamaliza asubuhi moja. Mpira wa chini unaweza kuhitaji gari liinuliwe. Hapo weka stendi imara chini ya chesisi, kamwe usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

1. Nunua mpira sahihi. Nenda dukani na namba ya chesisi, na picha ya mpira wa zamani. Mipira ya rejeta ina mikunjo yake maalumu. Mpira ulionyooka ukilazimishwa kukunjika unajibana, maji hayapiti. Na usinunue uliotumika: wa zamani kwa wa zamani hujafanya kitu.

2. Injini ikiwa baridi kabisa, toa maji. Fungua kizibo kilicho chini ya rejeta, kinga na beseni, kisha fungua mfuniko wa juu maji yashuke. Kwa mpira wa juu hakuna haja ya kutoa yote, yakishuka chini ya usawa wa mpira inatosha.

3. Kabla ya kugusa klipu, piga picha ya mpira ulivyokaa na upande klipu zilikoelekea.

4. Legeza klipu. Ya skurubu ifungue kwa bisibisi. Ya springi bana masikio yake kwa koleo, irudishe nyuma katikati ya mpira.

5. Zungusha mpira kwanza, ndipo uvute. Ukiwa umegandia, usitie bisibisi ukalazimisha, maana shingo ya rejeta ya plastiki inavunjika kirahisi, na ukivunja hiyo umenunua rejeta. Ukate mpira kwa urefu, umenye kama ndizi. Unautupa hata hivyo.

6. Safisha shingo zote mbili. Toa mabaki ya mpira na kutu kwa kitambaa, au kwa msasa laini pale penye chuma. Papase kwa kidole. Shingo ikiwa imeliwa na kutu au ina ufa, mpira mpya utavuja vile vile.

7. Tia klipu kwenye mpira kwanza, kisha vaa mpira. Ukiwa mgumu kuingia, lowesha ncha kwa maji au kulanti. Usipake oili wala grisi, zinaozesha mpira. Usukume mpaka upite ule ukingo ulionyanyuka kwenye shingo.

8. Klipu ikae nyuma ya huo ukingo, isiwe juu yake wala pembeni kabisa mwa mpira. Kaza mpaka ishike, usikaze mpaka ikate mpira.

9. Funga kizibo cha chini. Jaza kulanti polepole. Soma chupa: nyingine imeshachanganywa, nyingine ni kali na inachanganywa na maji nusu kwa nusu. Usichanganye rangi na aina tofauti kiholela. Maji yawe yaliyosafishwa, yasiyo na chumvi. Maji ya kisima ya Pwani yana chumvi, yanakula rejeta kutoka ndani. Gari dogo kama IST mfumo wote unachukua kama lita tano hivi.

10. Toa hewa. Rudisha waya wa betri. Mfuniko ukiwa wazi, washa gari likiwa baridi, weka hita kwenye joto la mwisho. Maji yatashuka hewa inapotoka, ongeza. Mapovu yakipungua, na kabla maji hayajaanza kufurika, funga mfuniko. Jaza tangi la akiba mpaka mstari. Acha injini iendelee mpaka mipira ya juu na ya chini yote iwe ya moto na feni iwake. Tazama geji isipande kupita kawaida.

11. Zima, acha lipoe kabisa, ikiwezekana mpaka kesho yake. Pima tena maji, ongeza yaliyopungua, papasa ncha za mpira kama ni kavu. Baada ya siku chache kagua klipu tena.

Hewa ikibaki ndani, gari litachemsha hata kama mpira ni mpya, na watu watasema, "Unaona? Nilisema ni injini!" Kwa hiyo hatua ya kumi msiikimbie.

LIKIKUCHEMKIA NJIANI

Wewe uliye huku na mna gari lenu la zamani la kuchangia watu wanne, hili ni lenu pia. Geji ikipanda, zima AC, washa hita yote. Utatoka jasho, lakini hita inaiondolea injini joto. Tafuta mahali salama pembeni, zima injini, kaeni mbali na barabara, kivulini. Ikishapoa kabisa ongeza maji. Mpira ukiwa na ufa mdogo, ukaushe, uzungushie kwa nguvu utepe wa mpira unaojishika wenyewe, mwende taratibu mpaka gereji iliyo karibu. Hiyo ni ya kufikia fundi tu, si ya kumaliza mwezi.

Jambo moja ambalo limeua injini nyingi: maji yakiisha kabisa, geji inaweza kushuka au kusoma vibaya, kwa sababu kipimo chake hakiguswi tena na maji. Ukiona geji imepanda halafu imeanguka ghafla, usishukuru. Simama.

KABLA HUJABONYEZA "TUMA"

Sasa upande wetu wa pesa. Ukipigiwa kuwa gari limeharibika, uliza haya manne:

Moja, maji yanapotelea wapi, na nani ameona kwa macho? Naomba video.

Mbili, dalili za gasketi zipo? Nionyesheni kijiti cha oili na moshi.

Tatu, bei ya spea ni ngapi na ya ufundi ni ngapi? Mbalimbali, si jumla.

Nne, fundi wa pili anasemaje?

Ukishakubali, pesa ya spea tuma kwa duka moja kwa moja inapowezekana, ya ufundi itoke kazi ikiisha. Omba risiti na picha ya mpira wa zamani pembeni ya mpya. Si kwamba ndugu ni mwizi. Mdogo wake yule dada hakuwa anadanganya, alikuwa anaogopa. Na fundi naye huenda alikisia tu. Lakini makisio ya mwingine yasilipwe na mgongo wako.

Pia, usitume vipande vipande. Elfu thelathini leo, arobaini kesho, kila mara unakatwa ada. Pata orodha kamili, tuma mara moja. Na kila wiki gari linapoleta hesabu, sehemu ibaki kwenye mfuko wa gari, isiguswe na mtu. Mpira, klipu na kulanti vitoke humo, visitoke kwenye mshahara wako wa Muscat.

Dada yule alituma shilingi 95,000: mpira wa juu, wa chini pia kwa kuwa ulikuwa umri mmoja na wenzake, klipu nne, kulanti na ufundi. Mdogo wake sasa anafungua boneti kila Jumapili asubuhi na kumtumia picha ya tangi la akiba. Mabati yamenunuliwa.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini mpira unaweza kuwa mkavu asubuhi na kuvuja mchana?
2. Taja dalili tatu za gasketi ya silinda hedi iliyoungua.
3. Kwa nini hatupaki oili kwenye ncha ya mpira mpya?
4. Geji imepanda halafu imeanguka ghafla. Unafanya nini?

Majibu yote yamo humu. Msomee kwa sauti yule anayeendesha gari lako, mwache yeye ajibu. Akikosa la tatu msamehe, akikosa la nne mrudishie mpaka alijue.